Tairi Mpya, Pikipiki Inayumba: Nilivyokisaka Chanzo

Pikipiki yangu haikuwahi kunitia wasiwasi kwenye mwendo mkubwa mpaka ilipofungwa tairi mpya, ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Chini ya kilomita 60 kwa saa ilikuwa tulivu, na kwenye kona ilikuwa nyepesi kuliko zamani. Ikikaribia 70 usukani ulianza kutetemeka mikononi, hasa nikiachia mafuta. Tetemeko hilo likapungua, nikadhani mambo yametengemaa, kumbe bado. Ikipita 110, sehemu yote ya nyuma ilianza kwenda kushoto na kulia polepole kama mkia wa samaki, na nikizidisha mafuta myumbo nao unapanuka. Tairi zilikuwa za ukubwa uleule ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, kutoka kampuni inayoaminika. Na kwa kuwa kilichobadilika kilionekana kuwa tairi peke yake, kila niliyemsimulia alitoa hukumu moja: hizo tairi ni mbovu, zirudishe.

Sikuzirudisha. Nimehudumia pikipiki kwa muda wa kutosha kujua kwamba ukibadilisha tairi hujabadilisha kitu kimoja. Ili tairi itoke, gurudumu lazima lishuke. Likishuka, ekseli imechomolewa, spesa zimetoka, cheni imelegezwa, kalipa ya breki imening'inia pembeni, boliti zinazobana ekseli kwenye foku, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele, zimefunguliwa, vipande vya balansi vimebanduliwa na upepo umetoka wote. Kila kimojawapo kinarudishwa kwa mkono wa mtu, na kila kimoja kina namna yake ya kurudi vibaya. Halafu liko jambo la pili ambalo watu hulisahau: tairi kuukuu iliyobapa katikati inaweza kuficha ulegevu wa siku nyingi, na tairi mpya ikauweka hadharani. Nimeona watu wakitupa tairi nzima kabisa, wakanunua nyingine, wakabaki na ugonjwa uleule, na inaniuma, kwa sababu ni ugonjwa unaoweza kumwangusha mtu.

Kabla ya kushika spana yoyote, kilichonisaidia kuliko vyote ni kuutambua mtikisiko kwa tabia yake. Upo mtikisiko wa mbele: usukani unapiga kushoto na kulia kwa haraka, kama mara 6 hadi 10 kwa sekunde. Huu hujitokeza zaidi kwenye mwendo wa kati, mara nyingi pikipiki inapopunguza spidi yenyewe na mikono imelegea. Na upo myumbo wa chombo kizima: fremu, gurudumu la nyuma na wewe uliyekaa juu, vyote vinasuka pamoja polepole, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na huzidi kadiri spidi inavyopanda. Mwaka 1971 mhandisi Robin Sharp wa Uingereza alichapisha hesabu zilizoonyesha kwamba haya mawili ni mambo tofauti, na kwamba yamo katika maumbile ya pikipiki yenyewe. Hata pikipiki iliyo nzima inayo yote mawili. Ila kwenye nzima hujizima haraka kiasi kwamba dereva hajui kama yamepita. Kwenye iliyolegea mahali, hayazimiki.

Tetemeko la tatu ni la gurudumu lisilo na balansi, na hili watu hulichanganya sana na yale mawili. Lifikirie hivi: gurudumu la inchi 17 lenye tairi ya 120/70, yaani upana wa milimita 120 na kimo cha ubavu asilimia 70 ya upana huo, lina mzingo wa karibu mita 1.9. Kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka karibu mara 15 kila sekunde. Kwa hiyo uzito uliozidi upande mmoja utapiga mara 15 kwa sekunde, na hiyo mkononi ni kama mvumo tu. Haiwezi kuwa myumbo wa polepole. Lakini teremka hadi kilomita 60 au 70 kwa saa: sasa gurudumu linazunguka mara 9 au 10 kwa sekunde, yaani linapiga palepale ambapo usukani wenyewe unapenda kucheza. Hapo kasoro ndogo ya balansi, au tairi isiyokaa mviringo, inausukuma usukani kwa mdundo wake wenyewe. Nilipoliona hilo nikajua kwamba pikipiki yangu ina magonjwa mawili. Tetemeko la 70 lilikuwa na uhusiano na gurudumu la mbele. Mkia wa juu ya 110 ulikuwa na baba mwingine.

Nikaandika kwenye daftari: linaanza spidi gani, linaisha spidi gani, ni nikiwa nimevuta mafuta au nimeachia, ni kwenye barabara iliyonyooka au kona ndefu, naliona mikononi au makalioni, nikiwa na sanduku la nyuma au bila. Hayo ya mikono na makalio msiyadharau. Linaloanzia mikononi tafuta mbele kwanza; linaloanzia kwenye kiti anza nyuma. Si sheria isiyovunjika, maana fremu inaunganisha vyote, lakini inapunguza sana kubahatisha. Na nikajiwekea sharti moja: nabadilisha kitu kimoja, najaribu barabara ileile, bila abiria, kisha ndipo naenda kwenye kingine. Ukirekebisha vitano kwa mpigo na pikipiki ikapona, hujui dawa ilikuwa ipi, na ikirudia huna pa kuanzia.

Nilianza na upepo. Ni rahisi, haugharimu chochote, na ndio unaokosewa kuliko kitu kingine chochote baada ya kubadilisha tairi. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kufunga tairi isiyo na mpira wa ndani: ili kingo zake zipande na kukaa kwenye rimu, fundi huijaza upepo kuliko unaohitajika barabarani, mpaka asikie mlio wa "pwa, pwa" wa kingo zikijibana mahali pake. Baada ya hapo anatakiwa apunguze mpaka kiwango cha pikipiki. Kazi ikiwa nyingi, hatua hiyo hurukwa. Kibandiko cha pikipiki yangu kinataka psi 33 mbele na 36 nyuma, yaani takriban bari 2.3 na 2.5. Nilipima asubuhi tairi zikiwa baridi, kwa kipimo changu mwenyewe. Mbele ilikuwa 41. Nyuma ilikuwa 27. Ya mbele ilikuwa ngumu, inadunda juu ya kila kijiwe; ya nyuma ilikuwa inabonyea ubavuni, na ubavu unaobonyea ni ruhusa ya kuyumba.

Nasisitiza neno baridi. Tairi ikishatembea hupata joto na upepo wa ndani hupanda psi kadhaa, kwa hiyo anayepima akitoka barabarani na kupunguza "uliozidi" anaiacha tairi na upungufu. Na kiwango ni kile kilicho kwenye kibandiko cha pikipiki au kitabu chake. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi kubeba mzigo wake mkubwa kabisa. Haikuandikwa kwa ajili ya pikipiki yako.

Upepo ukawa sawa, nikatoka. Myumbo wa nyuma ulisogea: sasa ulianza karibu na 120 badala ya 110, na ulikuwa mwembamba. Tetemeko la mbele lilibaki vilevile. Wengi wangeishia hapo, wakaambiana kwamba tairi mpya zinahitaji kuzoea. Hata fundi aliyenifungia aliniambia, kwa nia njema kabisa, "Kaka, zipe muda, zitakaa zenyewe." Ni kweli kwamba tairi mpya huwa na uso laini unaoteleza na zinahitaji kuendeshwa kwa upole kilomita 100 au zaidi kidogo mpaka uso huo ukwanguke. Lakini kinachokwanguka ni uso. Huo unahusu kushika barabara, hasa kwenye kona na wakati wa kufunga breki. Pikipiki inayoyumba kwenye barabara iliyonyooka haitaponywa na kilomita.

Kwa tetemeko la mbele nililiinua gurudumu, nikachuchumaa pembeni yake na tochi. Ubavuni mwa kila tairi, karibu kabisa na rimu, kuna mstari mwembamba ulioinuka unaozunguka tairi yote. Uliwekwa makusudi. Tairi ikikaa sawasawa, nafasi kati ya mstari huo na ukingo wa rimu ni ileile mahali pote. Nililizungusha gurudumu polepole sana kwa kidole. Upande wa kulia mstari ulitembea vizuri. Upande wa kushoto, mkabala na valvu, ulizama ukaingia ndani ya rimu kwa urefu wa kama kiganja, kisha ukaibuka tena. Ukingo haukupanda pale. Nikaweka ncha ya bisibisi karibu na uso wa tairi, isiguse, nikazungusha tena: tairi ilikuwa inaikaribia na kuikimbia ncha kila mzunguko. Vitabu vingi vya pikipiki huruhusu rimu kwenda upande au juu na chini kwa milimita 2 tu, na hapa rimu yenyewe ilikuwa imenyooka. Kilichopotoka ni ukaaji wa tairi.

Dawa yake ni nyepesi na inaudhi kwa wepesi wake. Toa upepo wote, bonyeza ukingo ushuke, paka maji ya sabuni pande zote, ondoa kipande cha ndani cha valvu ili upepo uingie kwa nguvu, jaza bila kuzidi kikomo kilichoandikwa kwa kazi hiyo ubavuni mwa tairi, kisha kagua mstari tena. Usiinamie tairi wakati inajazwa, na kama ukingo haupandi, toa upepo urudie sabuni. Usiulazimishe kwa kuongeza presha, kwa sababu ukingo wenye waya ukipasuka unaua.

Nikiwa hapo hapo nikakagua balansi. Tairi nyingi mpya zina doa dogo la rangi linaloonyesha sehemu nyepesi, na kawaida hulengwa kwenye valvu ili uzito wa valvu uifidie. La kwangu lilikuwa mbali nayo, na kwenye rimu zilibaki alama za gundi ambapo vipande vya zamani vilikuwa vimekaa, bila vipande vipya. Kubalansi gurudumu la pikipiki hakuhitaji mashine kubwa. Ekseli au fimbo iliyonyooka inapitishwa kwenye gurudumu, inawekwa juu ya stendi mbili zinazozunguka bila kukwama, na unasubiri. Upande mzito utashuka. Unabandika kipande upande wa juu, unazungusha, unasubiri tena, mpaka gurudumu litulie popote ulipoliacha. Inataka subira. Nguvu ya uzito uliozidi hukua kwa mraba wa spidi, yaani mwendo ukiongezeka mara mbili nguvu hiyo inakuwa mara nne, ndiyo sababu gramu chache zisizosikika mjini zinakuwa kero barabara kuu.

Baada ya hayo, tetemeko la 70 lilikufa kabisa. Halijarudi.

Mambo mengine ya ubavuni niliyapitia haraka na yalikuwa sawa, ila inafaa mtu ayapitie. Mshale wa mwelekeo: kwenye tairi ya nyuma nguvu kubwa ni ya injini inayosukuma, kwenye ya mbele nguvu kubwa ni ya breki, na maungio ya raba hupangwa kukabili nguvu hizo, ndiyo maana baadhi ya tairi zina mishale miwili, mmoja kwa matumizi ya mbele na mwingine kwa nyuma, ikielekea pande tofauti. Herufi ya spidi: P ni kilomita 150 kwa saa, S ni 180, H ni 210, V ni 240. Tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2322 ni wiki ya 23 ya mwaka 2022. Na muundo: radiali, ambayo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo, na ile ya nyuzi za kukatizana zina ubavu wenye tabia tofauti sana, kwa hiyo kuchanganya mbele na nyuma bila ruhusa ya mtengenezaji ni kuutafuta myumbo kwa mikono yako. Pikipiki yenye rimu za spoku iongezewe kipimo cha spoku zenyewe: gonga kila moja kwa spana ndogo, iliyolegea inatoa sauti nzito iliyokufa.

Nikarudi kwenye mkia. Nyuma nilishika gurudumu juu na chini, nikalisukuma na kulivuta: beringi hazikuwa na mchezo. Nikashika swingamu, yaani mkono wa chuma unaolishika gurudumu la nyuma, karibu na ekseli, nikaisukuma kando kwa nguvu: nayo ilikuwa imara. Spesa zote mbili zilikuwepo na zilikuwa upande wake. Nikaangalia alama za cheni kwenye swingamu, zile nukta au mistari ambayo fundi huifuata ili gurudumu linyooke. Kushoto ilikuwa mstari wa nne. Kulia ilikuwa mstari wa nne. Mtu angesema gurudumu limenyooka.

Siziamini hizo alama. Kwenye pikipiki nyingi hupigwa kiwandani bila usahihi wa kutosha, na swingamu iliyowahi kuanguka huzidanganya zaidi. Nilichukua uzi mrefu, nikauzungusha nyuma ya tairi ya nyuma katikati ya urefu wake, kwa kimo ambacho uzi haugusi stendi wala bomba la moshi, nikazileta ncha zote mbili mbele mpaka zikapita gurudumu la mbele, nikazifunga kwenye vigingi viwili vinavyoweza kusogezwa. Kisha nikasogeza kila kigingi mpaka uzi uguse kwa shida ukingo wa mbele wa tairi ya nyuma, bila kupindishwa nao. Usukani ukiwa umenyooka, tairi ya mbele, ambayo ni nyembamba, inatakiwa iwe katikati kabisa ya nyuzi hizo mbili. Nilipima kwa rula. Kushoto kulikuwa na milimita 30, kulia 8. Gurudumu la nyuma lilikuwa linatazama pembeni.

Hesabu yake inafaa kueleweka, kwa sababu watu husema milimita mbili si kitu. Kati ya skrubu ya kurekebishia cheni ya kushoto na ya kulia kuna kama sentimita 22. Kati ya ekseli ya nyuma na ya mbele kuna kama sentimita 140. Ekseli ikipishana milimita 2 pande mbili, mstari wa gurudumu la nyuma unafika mbele ukiwa umekosea kwa zaidi ya sentimita 1. Pikipiki bado itakwenda moja kwa moja, lakini kwa kujikunja: mbele inalipa deni la nyuma kila sekunde, na spidi ikipanda hilo deni linakuwa zito. Nililegeza nati ya ekseli, nikazungusha skrubu ya upande mmoja robo kwa robo, nikilisukuma gurudumu kwa mguu ili ekseli ikae kwenye skrubu, nikipima uzi baada ya kila robo, mpaka pande zote mbili zikawa milimita 19. Nikahakikisha ulegevu wa cheni uko kwenye kiwango cha kitabu, nikakaza nati kwa spana yenye kipimo, kisha nikapima tena, maana nati ya ekseli inapokazwa huweza kulivuta gurudumu.

Kuhusu cheni niongeze jambo dogo. Cheni iliyokazwa kupita kiasi hufanya nyuma iwe ngumu na izuie shokapu kufanya kazi, na ukaguzi wa ulegevu ufanyike mahali cheni imekazika zaidi, kwa sababu cheni iliyotumika haivutiki sawa pande zote.

Barabarani, tofauti ilikuwa kubwa. Mkia ulitoweka kwenye barabara tambarare. Ulibaki kidogo tu mahali pamoja: nikipita lori kubwa, upepo wake ukinipiga, pikipiki ilisuka mara kadhaa kabla ya kutulia, na zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa rahisi kuliacha. Sikuliacha, kwa sababu pikipiki inayochelewa kutulia ikipigwa na upepo ni ileile itakayochelewa kutulia ikiingia shimoni kwenye kona na abiria mgongoni.

Mbele kulibaki vitu viwili vya kukagua. Cha kwanza ni foku. Ekseli ya mbele inaporudishwa, kuna utaratibu: kaza ekseli, shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele, sukuma usukani chini mara kadhaa ili foku zote mbili zijipange zenyewe kwenye ekseli, na ndipo ukaze boliti za kubana. Zikikazwa kabla, foku moja hubaki imevutwa ndani au nje, zinabanana zikishuka, na mbele inakuwa nzito kupokea mashimo. Nilizilegeza, nikafuata utaratibu, nikakaza kwa kipimo cha kitabu. Foku zikashuka laini zaidi. Myumbo wa lori ukabaki.

Cha pili ni beringi za shingo, zile zinazobeba usukani ndani ya fremu. Nilimwomba rafiki akae nyuma na kuibana pikipiki ili gurudumu la mbele libaki hewani. Nikashika ncha za chini za foku zote mbili, nikavuta kuelekea kwangu na kusukuma. Mara ya kwanza sikusikia kitu. Nikaweka kidole cha mkono mmoja kwenye mwanya kati ya shingo ya fremu na sahani ya juu ya foku, nikavuta tena kwa mkono mwingine. Kidole kikahisi "tk". Haikuwa sauti, ilikuwa ni mguso tu, upana wa unywele. Kisha nikauzungusha usukani polepole kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, nikitafuta kama kuna mahali unakwama katikati, dalili ya beringi iliyochimbika. Haukukwama. Kwa hiyo beringi zilikuwa nzima, ila zimelegea kidogo.

Huo ulegevu haukuletwa na tairi. Ulikuwepo. Naamini ulikuwa umefichwa na tairi ya mbele ya zamani, iliyochakaa na kubapa, ambayo ilikuwa mvivu kugeuka na hivyo haikuuliza maswali mengi shingoni. Tairi mpya ina umbo la mviringo kamili, inaitikia kila mguso, na inapitisha habari zote juu. Na tukiwa hapo: tairi mpya ya nyuma huwa na kina cha raba cha milimita kadhaa zaidi ya ile iliyokwisha, kwa hiyo inainua nyuma. Nyuma ikiinuka, shingo inasimama wima kidogo zaidi na umbali unaoifanya mbele ijinyooshe yenyewe unapungua. Mabadiliko hayo ni madogo, na pikipiki nzima huyavumilia. Lakini yakimkuta mtu aliyebadilisha tairi ya nyuma peke yake huku ya mbele ikiwa imekwisha, au aliyeweka saizi ndefu kuliko ya kitabu, yanajumlishana.

Nilikaza nati ya shingo kidogo kidogo, nikijaribu baada ya kila hatua. Kipimo ninachokitumia: mguso wa kidole uishe, lakini gurudumu likiwa hewani usukani bado uanguke wenyewe kushoto au kulia ukiguswa kidogo kutoka katikati. Ukikaza kupita hapo unaununua ugonjwa mwingine, maana shingo iliyobanwa hufanya pikipiki izurure barabarani, dereva akiwa anairekebisha bila kukoma, na hilo nalo ni chanzo cha myumbo.

Lori lililofuata nililipita nikiwa nimejiandaa. Pikipiki ilisukumwa, ikarudi, ikatulia.

Mwisho nilirudisha sanduku la nyuma, kwa sababu majaribio yote niliyafanya bila hilo. Mzigo unaokaa nyuma ya ekseli unaiondolea mbele uzito, na sanduku refu linashika upepo mahali pabaya kabisa. Watengenezaji wake huandika kikomo cha spidi na cha uzito, na wengi hatukisomi. Nilipakia vilivyo vizito kwenye mikoba ya pembeni, chini na karibu na kiti, vyepesi sandukuni, nikaongeza ugumu wa shokapu ya nyuma kama kitabu kinavyotaka kwa mzigo. Pikipiki ikabaki tulivu.

Kama pikipiki yako inayumba sasa hivi na bado hujajua chanzo, kuna namna ya kukaa juu yake mpaka ifike nyumbani. Ikianza, usifunge breki ya mbele kwa nguvu, wala usiongeze mafuta ukidhani utaukimbia myumbo. Legeza mikono, bana tangi kwa magoti, sogeza kifua mbele kidogo, na uachie mafuta polepole mpaka itulie. Mikono iliyokakamaa inaingia kwenye mdundo na kuukuza. Na ukishajua ni spidi gani inaanzia, kaa chini yake mpaka umeikagua.

Iko pia pikipiki ambayo utaikagua yote haya, uyakute sawa, na bado isuke. Hapo ndipo ninapokubali kwamba tairi yenyewe inaweza kuwa na kasoro ya ndani: nyuzi zilizokaa vibaya, au umbo lisilo mviringo hata baada ya mstari wa ubavuni kukaa sawa. Pima kwa ncha ile ya bisibisi, juu na pembeni, ukiilinganisha na rimu. Piga picha mstari wa ubavuni pande zote, andika presha, tarehe ya kutengenezwa, spidi inapoanza na inapoishia. Ukirudi kwa muuzaji na karatasi hiyo, mazungumzo yanaanzia kwenye vipimo, na ni vigumu sana kwake kukuambia uende ukazizoee.